Hekaya Yenye Mwisho: Michezo ya Video na Riwaya za Ajabu Majumbani Mwetu

Wazazi watukufu, na hasa kina mama, ambao ndio wenye kuona yanayopitika nyumbani baada ya taa kuzimwa,

Ni nyumba chache mno katika pwani yetu, kuanzia Vanga hadi Kiunga, ambazo hazijaingiwa na mashine ya kuchezea au simu yenye michezo. Mzazi anapomkuta mwanawe ameinamia kioo saa nne za usiku, maswali yake aghalabu huwa mawili: "Umeanza saa ngapi?" na "Utaacha saa ngapi?" Ni maswali ya haki, lakini hayatoshi. Lipo la tatu ambalo huulizwa kwa nadra: "Unasimuliwa nini?" Kwani mingi ya michezo ya siku hizi ni hekaya. Ina mashujaa na mahaini, safari na ahadi, kiburi na mauti. Mtoto anayeicheza anahadithiwa, na msimulizi ni mtu asiyemjua jina wala hajui alikotoka.

Mwandishi wa makala haya ni mpenzi wa hekaya tangu udogoni. Baada ya kazi za chuoni na darasa za jioni, husoma riwaya za ajabu, na kwa miaka ya karibuni amekuwa akicheza michezo ya video pamoja na vijana wa jamaa zake. Wapo wanaoona kuwa hilo si jambo la mtu mwenye kilemba. Jawabu langu ni kuwa asiyeijua bahari hana la kumwambia mwana kuhusu mkondo.

Leo nakuleteeni michezo miwili na riwaya moja, zilizotoka kati ya mwaka 2023 na 2024. Nimezichagua kwa sababu zote zinagusa dunia tunayoijua: Baghdad ya Bani Abbas, ngano za watu wa Bantu, na Bahari ya Hindi. Nitazipima kwa mizani moja. Hekaya njema ina mwisho, na ndani yake kosa lina gharama.

Majini hayakuanzia Marekani

Kwanza tuondoe dhana kwamba mambo ya ajabu ni uzushi wa wageni. Bibi zetu walitulaza kwa zimwi, sungura, na nyoka mwenye vichwa saba. Hekaya za Alfu Lela Ulela zilisomwa barazani kwa Kiswahili kabla wengi wetu hatujazaliwa. Shaaban Robert, ambaye hakuna anayemshuku kwa uchache wa adabu, aliandika Kusadikika mwaka 1951, habari za nchi inayoelea angani. Mwaka uliofuata akatoa Adili na Nduguze, ambamo ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa nyani na binti wa majini, na mji mzima umegeuka mawe pamoja na watu wake. Vizazi vya wanafunzi vimesoma kitabu hicho shuleni, wala hakuna aliyetoka darasani akiabudu mawe. Walitoka wakijua kwamba husuda huanza kumla mwenyewe.

Hiyo ndiyo kazi ya ngano. Humpeleka msikilizaji mbali ili aone ya karibu, kisha humrudisha. Msimulizi hodari alijua wakati wa kusema kuwa hadithi imekoma, na mtoto akalala. Kumbukeni neno hilo, "imekoma," maana tutalirejea.

Baghdad ndani ya kioo

Mchezo wa kwanza ni Assassin's Creed Mirage, uliotolewa na kampuni ya Ubisoft mwezi Oktoba 2023. Unatupeleka Baghdad mwaka 861 wa Miladi. Shujaa wake ni kijana aitwaye Basim bin Ishaq, mwizi wa mitaani anayejiunga na kundi la siri la wauaji.

Nianze na uzuri wake, maana upo. Mji wa Duara alioanza kuujenga Khalifa al-Mansur mwaka 762 umeundwa upya: kuta, masoko, mifereji, bustani, na Bayt al-Hikma yenye rafu za vitabu. Wahusika wanaweza kusikika wakizungumza kwa Kiarabu. Adhana inasikika juu ya mapaa. Ndani ya mchezo mna pia makala fupi za historia, zenye picha za vyombo vya kale kutoka makumbusho, zinazoeleza elimu ya nyota, karatasi, tiba na biashara za zama zile. Mtu aliyefundishwa kwamba Wamongoli waliuangamiza mji huo mwaka 1258 hawezi kutembea katika vichochoro vyake, hata kwa vidole tu, bila moyo kushtuka.

Lakini uzuri wa jengo si ukweli wa habari, na hapa mzazi ana kazi. Mwaka huo wa 861 makao ya ukhalifa hayakuwa Baghdad, bali Samarra, na yalikuwa huko tangu mwaka 836. Khalifa al-Mutawakkil aliuawa huko huko Samarra, mwezi Desemba, kwa mikono ya askari wa Kituruki waliokuwa walinzi wake. Mchezo unakieleza kifo chake kwa namna ya kubuni. Ngome ya Alamut inaonyeshwa kuwa makao ya kundi la siri, ilhali tarikh inamtaja Hassan bin Sabbah kuitwaa ngome hiyo mwaka 1090, zaidi ya miaka 200 baadaye. Kijana akiucheza mchezo huu kisha akapelekwa kwenye vitabu vya historia, atakuwa amefaidika. Akiachwa nao peke yake, atabaki na picha nzuri na tarehe zilizopinda.

Yumo humo mtu mmoja anayetuhusu zaidi. Ni Ali bin Muhammad, ambaye tarikh inamjua kuwa kiongozi wa uasi wa Zanj, uliozuka mwaka 869 katika nchi ya Basra na kudumu hadi 883. Zanj ndilo jina ambalo waandishi wa Kiarabu walilitumia kwa watu wa pwani yetu hii ya Afrika, na wengi wa walioasi walikuwa watumwa waliofanyishwa kazi ya kukwangua chumvi mabwawani. Ni wangapi kati ya vijana wetu waliosoma habari hizo chuoni au shuleni? Mimi binafsi nimeulizwa juu ya Zanj mara nyingi zaidi na wachezaji wa mchezo huu kuliko na wanafunzi wa tarikh.

Upande wa pili wa mizani ni mzito pia. Kazi kubwa ya mchezaji ni kunyatia na kuua, na wizi wa mifukoni umefanywa ufundi wa kujipatia sifa. Gharama ya damu hutajwa kwa maneno, lakini vidole havifundishwi kuisikia. Kwa sababu hiyo si mchezo wa mtoto. Marekani wameuwekea alama ya watu wa miaka 17 na kuendelea, nami sioni sababu ya sisi kuwa wepesi kuliko wao.

Kijana chini ya mbuyu

Mchezo wa pili ni Tales of Kenzera: Zau, uliotoka mwezi Aprili 2024. Mwenye wazo lake ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wapenzi wa michezo walimjua kwanza kwa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Salim ameeleza hadharani kwamba mchezo huu ulitokana na msiba wa kufiwa na babake, na ngano alizosimuliwa na babake huyo.

Hekaya yenyewe ni hii. Katika mji uitwao Amani, kijana Zuberi amefiwa na babake, akaachiwa kitabu. Anapokifungua anakuta kisa cha Zau, mganga kijana aliyefiwa vivyo hivyo. Zau anamwendea Kalunga, mwenye kusimamia mauti, na kumwekea sharti: nitakuletea mizimu mikuu mitatu iliyokataa kwenda kwako, nawe unirudishie babangu. Anaanza safari akiwa na barakoa mbili, ya jua na ya mwezi, moja ya moto na nyingine ya baridi. Na wahusika wanaweza kusikika kwa Kiswahili, jambo lililo nadra sana katika biashara hii.

Ndani ya safari hiyo mna mibuyu. Zau anapofika chini ya mbuyu huketi, hutulia, na kumkumbuka babake. Akiinuka, nguvu zake zimeongezeka. Hapigani na yeyote hapo. Katika mchezo wa mapigano, mtengenezaji ameweka mahali ambapo nguvu hutokana na kuketi na huzuni.

Nitasimulia nilichokiona. Dada yangu alifiwa na mumewe, na alikuwa angali edani. Mwanawe wa miaka 14 hakuwa amemtaja babake tangu siku ya mazishi. Alikula, akaenda shule, akajibu alipoulizwa, na jioni akajifungia na mashine yake. Dada alitaka nimnyang'anye. Nilimwomba anipe siku chache, nikaketi na kijana, tukaucheza mchezo huu kwa Kiswahili. Jioni ya tatu, Zau akiwa ameketi chini ya mbuyu, kijana aliweka mikono mapajani, asibonyeze chochote. Kisha akauliza, macho yakiwa kwenye kioo: "Mjomba, baba alikuwa anaogopa?"

Nilimwambia ninayoyajua, kwa kuwa nilikuwepo hospitalini. Tulizungumza mpaka mamake akaja mlangoni, akasimama bila kusema neno, kisha akaingia akaketi nasi. Sidai kwamba mchezo ulimponya. Dua za mamake, jamaa waliokuja, na siku zilizopita zilifanya kazi yao. Lakini mlango ulifunguka kwa ufunguo huo, nami niliuona ukifunguka.

Je, hakuna la kusahihisha? Lipo. Kalunga, mizimu, na uganga wa barakoa ni mambo ambayo itikadi yetu ina kauli juu yake, na mtoto aambiwe wazi: hii ni ngano, kama zimwi la bibi, wala mauti hayana mwenye kuuziana nayo. Ila tazameni hekaya inamwelekeza wapi msikilizaji wake. Kijana anaanza akitaka maiti arudi, na kila hatua ya safari inamfunza kuwa kupenda si kumiliki. Nimekaa na wafiwa miaka mingi, na somo hilo ndilo gumu kuliko yote.

Nahodha mwenye goti bovu

Sasa kitabu, na hiki ni cha kina mama. Riwaya inaitwa The Adventures of Amina al-Sirafi, ya Shannon Chakraborty, mwandishi wa Kimarekani aliyesilimu akiwa kijana. Ilitoka mwaka 2023. Kabla yake aliandika riwaya tatu za mji wa majini uitwao Daevabad, kuanzia The City of Brass ya mwaka 2017, na jina hilo wasomaji wa Alfu Lela Ulela watalitambua mara moja: Mji wa Shaba.

Amina alikuwa nahodha na haramia katika Bahari ya Hindi ya karne ya 12. Ameacha kazi hiyo. Anaishi kwa kujificha katika pwani ya kusini mwa Uarabuni pamoja na mamake na bintiye mdogo, Marjana. Umri umemwendea, goti linamuuma, anajaribu kutubu na kutimiza sala zake. Ndipo bibi mmoja tajiri anapomjia na kazi: mjukuu wangu ametoweka, naye yumo mikononi mwa mamluki wa Kifaranji anayetafuta vitu vya uchawi. Mrudishe, nami nitakutajirisha. Akikataa, siri yake iko hatarini.

Hapo Amina anakusanya tena mabaharia wake wa zamani. Safari inapita Aden, inapita Mogadishu, ambako mchora ramani wake ametulia na mke na watoto, na inafika Sokotra. Kwa msomaji wa Lamu au Mombasa, hii ndiyo bahari ya babu zetu: pepo za msimu zinazoamua nani asafiri lini, bandari zenye lugha kumi, ushuru wa forodha, mizigo ya viungo, na mbao zilizoshonwa kwa kamba. Mwandishi ameifanyia utafiti wa dhati dunia hiyo, na katikati yake hakumweka baharia wa Kireno wala mpelelezi wa Kiingereza. Amemweka mama wa Kiislamu.

Na mama huyu si sanamu ya kuning'inizwa ukutani. Anampenda bintiye kwa pumzi zake zote, na bado anaitamani bahari. Anaona haya kwa kuitamani. Kila anapovuka hatari anajiuliza kama anafanya haya kwa ajili ya Marjana, au Marjana ni kisingizio cha kiu yake mwenyewe. Nimesikia swali hilo kutoka kwa wanawake waliokuja kutaka ushauri: mwalimu aliyepata kazi mji wa mbali, mfanyabiashara aliyetaka kufungua duka la pili, binti aliyekubaliwa chuo kikuu akiwa na mtoto mchanga. Wote waliuliza kana kwamba kutamani ni kosa. Riwaya haiwapi jawabu jepesi, ila inalichukua swali lao kwa uzito unaostahiki, na makosa ya zamani ya Amina yanamfuata hadi kurasa za mwisho. Humo kosa lina gharama.

Tahadhari ni hizi. Kitabu ni cha watu wazima: mna damu, uchawi, ulevi wa zamani unaosimuliwa bila kificho, na mume ambaye si binadamu. Lugha yake ni Kiingereza chenye mizaha. Mama akisome kwanza, kisha ajue mwenyewe kama bintiye aliyekomaa anaweza kukisoma pamoja naye.

Hekaya zisizokoma

Kazi hizi tatu zinatofautiana sana, lakini zote zina mwisho. Mirage iliundwa kwa makusudi iwe fupi kuliko zile zilizoitangulia katika mfululizo wake. Zau humalizika kwa jioni chache. Kitabu kina ukurasa wa mwisho. Msimulizi anasema "imekoma," na msikilizaji anaachiwa aende zake.

Hatari kubwa majumbani mwetu, kwa nionavyo, haimo katika kazi za namna hii. Imo katika ile michezo ya simu inayopakuliwa bila malipo. Mzazi huiamini kwa kuwa ina rangi nzuri na haina damu. Lakini haikuundwa ikamilike. Kila siku ina zawadi ya kumwita mtoto, kila saa ina adhabu ya kutokuwepo, na kila mlango mgumu una njia ya mkato inayolipiwa. Mingine ina masanduku ya bahati: mtoto analipa bila kujua atakachopata, akitumaini kupata silaha adimu au vazi la fahari. Mwaka 2018 wasimamizi wa kamari wa Ubelgiji waliamua kwamba masanduku ya namna hiyo, yanapolipiwa pesa, ni kamari kwa mujibu wa sheria yao. Mwezi Desemba 2022 nchini Marekani, kampuni ya Epic Games, yenye mchezo wa Fortnite, ilikubali kulipa jumla ya dola milioni 520. Kati ya hizo, dola milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wateja, baada ya kushtakiwa kwamba mpangilio wa vitufe uliwafanya watu, wakiwemo watoto, kununua wasichokusudia. Nalo Shirika la Afya Duniani limeingiza maradhi ya kucheza kupita kiasi katika orodha yake ya maradhi, iliyoanza kutumika Januari 2022.

Angalieni basi jinsi tunavyopima. Tunamkemea kijana anayecheza hekaya ya kumlilia babake kwa kuwa ina mizimu, na tunampa mdogo wake simu yenye kamari kwa kuwa ina matunda ya kuchekesha. Na soko linalipa kinyume pia. Studio iliyotengeneza Zau ilipunguza wafanyakazi mwaka huo huo wa 2024, ilhali michezo isiyokoma ingali inavuna.

Nasaha kwa wenye nyumba

Mchezo usiingie nyumbani bila mtu mzima kuutazama, japo kwa nusu saa. Tazameni alama ya umri iliyoandikwa kwenye mchezo. Haikuwekwa kama pambo. Simu ya mtoto isiwe na njia ya kulipia, na nambari ya siri ya pesa za simu isijulikane na mwenye umri wa miaka tisa. Pendeleeni michezo inayonunuliwa mara moja na ina mwisho kuliko ile ya bure isiyokoma. Wakati wa sala, wa chakula na wa kulala ujulikane, na sheria hiyo imfunge baba mwenye simu kama inavyomfunga mwana.

Kisha muulize mwanao maswali matatu: Shujaa anataka nini? Amelipa nini ili akipate? Na je, angeweza kukataa? Mtoto anayejibu maswali hayo hachezi kwa vidole peke yake. Akishindwa kuyajibu kwa sababu mchezo hauna shujaa, hauna gharama wala hauna mwisho, basi atakuwa amekueleza kila unachohitaji kujua kuhusu mchezo huo.

La mwisho ni zito zaidi. Watoto wetu wanaitafuta Baghdad kwenye kampuni ya Ufaransa, mbuyu kwenye studio ya Uingereza, na bahari yetu kwenye kitabu cha Marekani. Siwalaumu watunzi hao. Wamefanya kazi njema. Lakini Fumo Liyongo angali hapa, na mabaharia wa Pate wangali na wajukuu wanaokumbuka majina ya majahazi. Mtoto atasikiliza hekaya usiku wa leo, mkitaka msitake. Iliyobaki ni kama miongoni mwa wasimulizi wake mtakuwamo nyinyi.